Somo la Umeme: Kwa Nini Taa ya Mwisho wa Kambi Hufifia



Katika kambi nyingi za mashamba, nyumba hujengwa safu kwa safu na vyoo huwekwa mbali, ng'ambo ya bustani za mboga, ili harufu isifike majumbani. Mchana umbali huo si kitu. Usiku ni jambo jingine. Mama anayempeleka mtoto chooni, mzee ambaye macho yake yamechoka, kijana anayetoka zamu ya usiku kiwandani, wote hupita gizani kati ya mtaro na vichaka, mahali penye nyoka na pengine watu wenye nia mbaya. Kwa hiyo taa ya mwisho wa kambi si pambo. Ni kifaa cha usalama, sawa na viatu vya mpira kwa mtu anayenyunyiza dawa shambani.

Somo la leo linahusu taa hiyo. Tutaeleza kwa nini hufifia, jinsi ya kupiga hesabu yake kwa kalamu na karatasi, na njia za kuirekebisha bila kuhatarisha maisha ya mtu. Hesabu zake ni za kuzidisha na kugawanya tu. Yafaa mlisome kwa pamoja katika vikundi vyenu vya kujisomea.

Kisa cha kambi moja

Katika kambi moja ya chai, magharibi ya Uganda, wanachama walichanga fedha wakanunua betri ya volti 12, paneli ya jua, waya wa nyuzi mbili wa mita 60, na balbu mbili za gari za wati 21 kila moja. Betri iliwekwa ndani ya kibanda cha askari wa usiku, karibu na lango. Balbu zilifungwa kwenye nguzo mbele ya vyoo.

Zilipojaribiwa kibandani ziliwaka vizuri sana. Zilipofungwa kule mwisho zilitoa mwanga wa njano, hafifu kama wa kibatari. Watu wakasema mwenye duka amewauzia balbu mbovu. Zikanunuliwa nyingine, na hali ikawa ile ile. Wakasema betri ndiyo mbovu, wakaazima ya trekta. Hali haikubadilika.

Ndipo mmoja wao akashauri kwamba waya ule ule uunganishwe na umeme mkubwa wa kiwandani, volti 240, upitishwe juu ya ua hadi vyooni. Fundi wa karakana alikataa kabisa, na alifanya vyema. Waya ule haukuwa wa kazi hiyo, ungelowa mvua na kusuguana na miti, na watoto hucheza pale pale. Kama angekubali, huenda kambi ile ingezika mtu.

Balbu hazikuwa mbovu, wala betri. Kosa lilikuwa ndani ya waya, na hakuna aliyeushuku kwa sababu ulikuwa mpya.

Waya ni kama bomba la maji

Kila mtu aliyeishi kambini anajua habari ya bomba. Tangi likiwa juu ya kilima na bomba likiwa jembamba, nyumba ya kwanza hupata maji kwa nguvu. Nyumba ya mwisho hupata tone tone, hasa asubuhi wakati wote wamefungua. Maji hayajaisha tangini. Nguvu yake imepotea njiani kwa kusuguana na bomba.

Umeme nao una tabia hiyo. Tukumbuke maneno matatu.

Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, kama kimo cha tangi juu ya kilima.

Ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita, kama wingi wa maji yanayopita katika bomba.

Omu ni kipimo cha ukinzani wa waya, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme. Waya mrefu una omu nyingi. Waya mnene una omu chache.

Jina omu linatokana na Mjerumani Georg Ohm, aliyeitangaza kanuni hii mwaka 1827. Kanuni yenyewe ni fupi: volti zinazopotea njiani ni ampea mara omu.

Neno la nne ni wati, yaani nguvu ambayo taa inatumia. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea. Taa ya wati 12 kwenye volti 12 huvuta ampea 1.

Hesabu ya kambi ile

Kosa ambalo wengi hufanya ni kuhesabu njia ya kwenda tu. Umeme huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine. Umbali wa mita 60 ni waya wa mita 120.

Ukinzani wa waya wa shaba wenye urefu wa mita 100, uzi mmoja, ni kama ifuatavyo:

Unene wa milimita za mraba 1.5: omu 1.17
Unene wa milimita za mraba 2.5: omu 0.70
Unene wa milimita za mraba 4: omu 0.44
Unene wa milimita za mraba 6: omu 0.29

Waya wa kambi ile ulikuwa wa milimita za mraba 1.5. Kwa mita 120 ukinzani wake ni 1.17 mara 1.2, yaani omu 1.4.

Balbu mbili za wati 21 ni wati 42. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 3.5. Sasa zidisha: 3.5 mara 1.4 ni karibu volti 4.9. Yaani katika volti 12 zilizotoka kwenye betri, karibu 5 zilidaiwa na waya peke yake. Kwa kweli balbu ikikosa volti huvuta ampea chache zaidi, hivyo upotevu wenyewe ulikuwa kama volti 4, na balbu zikabaki na volti 8 hivi.

Mtu anaweza kuuliza: volti 8 kati ya 12 ni theluthi mbili, mbona mwanga haukuwa theluthi mbili? Ni kwa sababu balbu ya waya wa kuungua hupoteza mwanga haraka kuliko inavyopoteza volti. Kwa volti 8 balbu ya volti 12 hutoa karibu robo tu ya mwanga wake. Robo tatu ya mwanga ambao wanachama waliulipia haikufika chooni.

Kanuni nzuri ya kufuata ni hii: upotevu usizidi sehemu 5 kwa 100. Kwa volti 12, hiyo ni volti 0.6 tu.

Pima taa zikiwa zinawaka

Mkiwa na kipimo cha volti mnaweza kuthibitisha haya wenyewe, lakini angalieni sana. Ukipima kule mwisho wakati taa zimezimwa, utasoma volti 12 zote na utasema waya ni mzima. Umedanganyika. Umeme usipopita hakuna kinachopotea, kama vile bomba lililofungwa linavyojaa msukumo hadi mwisho. Washeni taa zote kwanza. Pimeni kwenye betri, kisha pimeni kwenye taa ya mwisho. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyopotea njiani.

Kama upotevu ni mkubwa kuliko hesabu yenu ya karatasi, tafuteni kiungo kibovu. Pimeni kiungo kwa kiungo kuanzia kwenye betri. Mahali ambapo volti zinashuka ghafla ndipo penye ugonjwa: waya uliosokotwa kwa vidole, skrubu iliyolegea, au shaba iliyoota kutu ya kijani kwa sababu ya mvua.

Dawa tano

Ya kwanza: tumieni taa zinazovuta ampea chache. Taa nne za LED za wati 3 kila moja hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu mbili za gari za wati 21 zikiwa na volti zake zote. Lakini zote nne hutumia wati 12 tu, yaani ampea 1 badala ya 3.5. Kwa waya ule ule upotevu unashuka hadi volti 1.4. Hatujafika kwenye 0.6, lakini tumepiga hatua kubwa bila kugusa waya. Mjue pia kwamba baadhi ya taa hizi zina kifaa ndani kinacholinda mwanga usipungue. Hizo hazifififii polepole, bali volti zikishuka mno hupepesa au huzimika ghafla.

Ya pili: tawanyeni taa njiani. Badala ya kufunga zote nne kwenye vyoo, fungeni moja kila baada ya mita 15. Umeme wa taa ya kwanza hausafiri mita 60, husafiri 15 tu. Kwa mpango huo taa ya mwisho inapoteza karibu volti 0.9 badala ya 1.4, na njia nzima ina mwanga. Mtu haanguki chooni tu, huanguka njiani pia.

Ya tatu: tumieni waya mnene. Taa zote nne zikiwa kule mwisho na waya ukiwa wa milimita za mraba 4, upotevu ni volti 0.5. Hapo tumetimiza kanuni. Kama waya mnene hauna bei ya kuwezekana, pitisheni waya mbili za milimita 1.5 sambamba na kuziunganisha pamoja kwenye ncha zote mbili, kila uzi na mwenzake. Upotevu utapungua nusu.

Ya nne: sogezeni betri. Betri ikikaa katikati ya njia, taa mbili upande huu na mbili upande ule, kila upande una mita 30 na nusu ampea. Upotevu ni volti 0.35 tu, kwa waya ule ule mwembamba. Dawa hii ni rahisi kuliko zote, ila mpate mahali pa kufungia betri na kufuli, penye hewa na pasipovuja.

Ya tano: ongezeni msukumo. Betri mbili za volti 12 zilizo sawa, zikiunganishwa kwa kufuatana, hutoa volti 24. Taa za wati 12 kwenye volti 24 huvuta nusu ampea tu, na waya wa zamani unapoteza volti 0.7 kati ya 24, yaani chini ya sehemu 3 kwa 100. Hapo mwanzo tulikuwa tunapoteza karibu 12 kwa 100. Msukumo umezidishwa mara mbili, upotevu kwa mia umepungua mara nne. Lakini taa lazima ziandikwe volti 24. Wala mtu asichukue umeme wa redio kwenye betri moja kati ya hizo mbili, maana itachoka kabla ya mwenzake na zote zitaharibika.

Hii ya tano ndiyo siri ya nguzo ndefu za chuma mnazoziona zikipita juu ya mashamba. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Umeme wa Jinja haupelekwi mbali kwa volti 240. Hupandishwa hadi volti 132,000, husafirishwa, kisha hushushwa karibu na watumiaji. Wahandisi wa gridi na fundi wa kambi wanapigana na adui mmoja, yaani ukinzani wa waya.

Je, betri itafika asubuhi?

Kwetu karibu na ikweta usiku ni wa saa 12 hivi, mwaka mzima. Taa za wati 12 zikiwaka saa 12 hutumia ampea 1 kwa saa 12, yaani ampea-saa 12. Betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu ya uwezo wake, la sivyo itakufa mapema. Kwa usiku mmoja, basi, inatakiwa betri ya ampea-saa 24. Kwa kuwa kuna siku za mawingu, chukueni ya ampea-saa 50 ili ifike usiku wa pili. Paneli ya wati 50 inatosha kuijaza katika siku ya jua la kawaida.

Linganisheni na balbu zile mbili za gari. Kwa volti zake zote zingehitaji ampea-saa 42 kila usiku. Betri yao ingekuwa kubwa mara tatu na nusu.

Na hapa kuna jambo la kuelewana kama ndugu. Mtu mmoja akiunganisha chaja ya simu kwenye waya wa taa, anaweza kuvuta umeme wa taa mbili au tatu. Watu watano wakifanya hivyo, taa ya chooni itazimika usiku wa manane. Wekeni mahali pa kuchajia simu pale pale kwenye betri, mchana wakati wa jua, na mkubaliane juu yake katika mkutano.

Usalama kwanza

Volti 12 hazimpigi mtu kama volti 240, lakini betri inaweza kuchoma nyumba. Nyuzi mbili zikigusana karibu na betri, hupita mamia ya ampea na waya huwa mwekundu kama chuma cha mhunzi. Kwa hiyo fungeni fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri.

Fyuzi ya ukubwa gani? Wengi hufunga ya ampea 15 kwa kudhani kubwa ni bora. Piga hesabu. Nyuzi zikigusana kule mwisho wa mita 60, ukinzani ni omu 1.4, na 12 gawanya kwa 1.4 ni ampea 8.6. Fyuzi ya 15 haitakatika kamwe. Waya utaendelea kupata joto na betri itakwisha bila mtu kujua sababu. Kwa taa za ampea 1 fyuzi ya ampea 3 inatosha. Wala usifunge kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika. Fyuzi iliyokatika imekupa habari, tafuta sababu yake.

Waya unaopita chini uwekwe ndani ya bomba la plastiki, ufukiwe nusu mita au zaidi, ili jembe la mwenye bustani lisiufikie. Viungo vyote viwe ndani ya kisanduku kisichoingia maji, juu ya nguzo na si ardhini.

Kama chanzo ni umeme wa kiwandani, lazima ipatikane transfoma ya kushusha volti 240 hadi 12 ambayo nyuzi zake za upande mkubwa na upande mdogo zimetenganishwa. Ikae ndani ya nyumba, na ifungwe na fundi mwenye cheti. Angalieni pia kwamba taa zinakubali umeme huo wa transfoma, kwa sababu taa nyingine za LED hutaka umeme wa namna ya betri tu. Volti 240 zisitoke nje kwa waya wa kuning'inia hata kwa usiku mmoja.

Kazi ya chama

Wanachama wa kambi ile walichanga fedha zao wenyewe. Moyo huo ni mwema. Lakini tusisahau kwamba nyumba za kambi, njia zake na vyoo vyake ni jambo la mwajiri. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya mashamba makubwa, uliopitishwa mwaka 1958, una sehemu nzima juu ya nyumba za wafanyakazi, na unataja vyoo na maji.

Mara nyingi tunakwenda kwa meneja tukisema, "Kuna giza." Anatujibu, "Tutaangalia." Tukienda na karatasi, majibu hubadilika. Karatasi iseme: umbali ni mita 60, taa nne za wati 3, waya wa milimita za mraba 4, betri ya ampea-saa 50, paneli ya wati 50, fyuzi ya ampea 3. Chini yake bei za madukani, na mchoro wa njia. Ombi la namna hiyo haliwezi kuitwa kelele. Na likikataliwa, tunajua ni kitu gani hasa kimekataliwa, na tunaweza kulipeleka mbele kwenye halmashauri ya usalama na kwenye mazungumzo ya mkataba.

Ndipo elimu ya hesabu inapogeuka kuwa silaha ya mfanyakazi. Asiyejua kupima ataendelea kununua balbu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kutoka kwenye betri hadi bomba la maji ni mita 40. Waya ni wa milimita za mraba 2.5. Kule mwisho kuna taa mbili za LED za wati 6 kila moja, za volti 12. Ni volti ngapi zinapotea? Je, kanuni imetimizwa?

2. Taa zikiwa zinawaka, kipimo kinasoma volti 12.4 kwenye betri na 9.8 kwenye taa ya mwisho. Je, mnunue betri mpya?

3. Katika kambi yenu ni njia ipi yenye giza, nani hupita hapo usiku, na nani atapima urefu wake kabla ya mkutano ujao?

Majibu

1. Waya ni mita 80 kwenda na kurudi, ukinzani ni 0.70 mara 0.8, yaani omu 0.56. Ampea ni 1. Zinapotea volti 0.56. Kanuni imetimizwa.

2. Hapana. Betri ni nzima. Volti 2.6 zinapotea njiani. Kagueni viungo, kisha unene wa waya.

3. Jibu la swali hili mnalo ninyi wenyewe. Liandikeni katika daftari la tawi, pamoja na jina la mwenye kazi hiyo.